Namna ya kupima kasi ya sauti mwenyewe kwa ndoo, bomba na simu, na kwanini usiku wa Dodoma unasikia mbali

Huu mwongozo ni wa madogo wa fomu tu na fomu foo wanaosoma fizikia shule isiyo na maabara ya kueleweka, ni wa wazazi wao pia, na mafundi mitambo wa muziki msiondoke maana huko mwisho kuna sehemu yenu kabisa. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba watoto wengi wanakariri "sauti ni mawimbi" na "mita 340 kwa sekunde" wanaandika kwenye mtihani wanapata maksi zao, lakini hajawahi hata mmoja kuiona hiyo namba inatoka wapi, wakati inapatikana uani kwako kwa vitu ambavyo vingi unavyo tayari.

Andaa hivi: simu yenye programu ya kutoa toni (ziko za bure nyingi, unachagua hezi inalia), ndoo ya lita 20, kipande cha bomba la PVC la inchi mbili chenye urefu wa sentimita 40, futikamba, kamba ya katani ndefu, vibao viwili vya mbao ngumu, puto, bakuli, chumvi, rula ya sentimita 30, kijiko cha chuma na uzi. Bomba usinunue zima, nenda kwa fundi bomba yeyote muombe kipande kilichobaki.

Hatua ya 1: uone mtikisiko kwa macho

Kata puto, livute juu ya bakuli mpaka likaze kabisa, lifunge na rababendi. Nyunyizia chumvi kidogo juu yake, isiwe nyingi, punje ziwe zimetawanyika. Sasa sogeza mdomo kama shubiri moja kutoka kwenye bakuli, geuka upande kidogo ili usipulize pumzi kwenye chumvi, alafu imba "uuuuu" ukianzia sauti nzito unapanda polepole. Kuna mahali utafika chumvi itaanza kurukaruka na kujipanga mistari, ukipita hapo inatulia, ukirudi inaruka tena. Hujaigusa, hujaipuliza, ila koo lako limetikisa hewa na hewa imetikisa puto.

Kila sauti inaanzia hivyo, kwa kitu kinachotikisika. Ukienda kwenye ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo, muombe mmoja akuruhusu uweke kiganja pembeni ya ngoma wakati anapiga, utausikia ule mtikisiko kwenye mkono kabla hata hujafikiria masikio.

Hatua ya 2: elewa ni nini hasa kinachosafiri

Hapa ndo wengi wanapotea, kwahiyo tulia nayo. Panga watoto kumi kwenye mstari, kila mmoja ameweka mikono kwenye mabega ya mwenzake wa mbele. Msukume kidogo wa mwisho. Msukumo utapita mpaka kwa wa kwanza lakini hakuna mtoto aliyehama, kila mmoja kaenda mbele kidogo karudi pale pale alipokuwa. Hewa ndo inafanya hivyo hivyo. Spika ikisukuma mbele inabana hewa ya karibu, hiyo hewa iliyobanwa inabana ya mbele yake, spika ikirudi nyuma inaacha nafasi ambayo hewa yake imelegea, na hiyo nayo inafuata. Mabano na malegezo yanakwenda mbele yakipokezana, hewa yenyewe inabaki ikicheza mbele nyuma pale pale.

Ingekuwa hewa yenyewe ndo inasafiri na kasi ya sauti, hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa, hakuna kimbunga duniani kinafika huko, kila mtu akisema "hodi" angeezua bati la mwenye nyumba.

Na kama hewa haipo, sauti haina pa kupita. Robert Boyle aliionyesha hii mwaka 1660, aliweka chombo kinacholia ndani ya chupa ya kioo akawa anatoa hewa kwa pampu, kadiri hewa inavyopungua ndivyo sauti inavyofifia. Ndo maana mwezini wanaanga waliongea kwa redio hata wakiwa wamesimama bega kwa bega, mawimbi ya redio hayahitaji hewa, ya sauti yanahitaji kitu cha kutikisa.

Hatua ya 3: nyembamba na nzito

Bana rula kwenye ukingo wa meza, itokeze nje sentimita 25, ivute kidogo uachie. Unaiona inapiga, na sauti yake ni nzito ya kupwaya. Ipunguze itokeze sentimita 10, macho hayaifuati tena na sauti imekuwa nyembamba. Kitu kifupi kinatikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde, na idadi ya hizo mara ndo masafa, yanahesabiwa kwa hezi. Hezi 800 maana yake mara 800 kila sekunde moja.

Ukitaka kuiona hii imefanywa kwa ustadi angalia ilimba ya Wagogo. Vile vyuma bapa vilivyobanwa juu ya sanduku la mbao, virefu vinatoa sauti nzito na vifupi nyembamba, kanuni ni ile ile ya rula yako, alafu sanduku chini linatikisa hewa nyingi zaidi ili isikike, na kuna matundu yanayozibwa na utando wa buibui ili kuongeza ule mvumo wa kuzizima ambao ukishausikia huwezi kuuchanganya na chombo kingine. Marehemu Hukwe Zawose, mzee wetu wa huku Dodoma, aliifikisha ilimba mpaka majukwaa ya Ulaya. Mimi huwa nawaambia madogo fizikia ya sauti haikuletwa na meli, wazee waliipima kwa masikio na wakaipata.

Sikio la binadamu linachukua kuanzia hezi 20 mpaka 20,000 hivi, na ile ya juu inapungua umri ukienda. Popo anatumia za juu kuliko hizo, tembo kule Ruaha wanaongea kwa sauti nzito ambazo sehemu yake iko chini ya hezi 20, wewe umesimama pale husikii kitu.

Hatua ya 4: pima kasi kwa ukuta

Tafuta ukuta mkubwa mpana wenye uwanja mtupu mbele yake, kwa mfano ghala au jengo refu la shule. Nenda asubuhi mapema, kwa sababu upepo wa Dodoma ukishaanza saa nne tano huko huwezi kusikia mwangwi vizuri. Pima kamba ya mita 20 kwa futikamba, ilaze mara nne kutoka ukutani, hapo una mita 80. Mbona mbali hivyo? Kwasababu sikio linahitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kutenganisha sauti na mwangwi wake, ukisimama chini ya mita 17 hivi unasikia vimeungana kitu kimoja.

Gonganisha vile vibao viwili mara moja usikilize, utasikia "ta" alafu "ta" inarudi. Sasa anza kugonga mfululizo, uharakishe au upunguze mpaka kila pigo lako liangukie palepale mwangwi wa pigo lililopita unapofika. Ukipata utajua, mwangwi unapotea kabisa, unasikia mapigo yako tu. Hiyo inataka kusikiliza kwa utulivu, usikate tamaa. Ukishakaa kwenye mdundo, mwenzako mwenye saa ya simu ahesabu "sifuri" anapoanza saa, alafu moja, mbili, mpaka 20 anasimamisha. Wengi wanaanza na "moja" na wanajikuta wana vipindi 19 badala ya 20, na jibu linaharibika bila wao kujua.

Tuseme umepata sekunde 9.3. Kila kipindi sauti imekwenda mita 80 na kurudi mita 80, hiyo ni 160, mara 20 ni mita 3,200. Gawanya kwa 9.3 unapata mita 344 kwa sekunde. Ukikosea sekunde 0.2 kwenye saa jibu linahama kama mita 7, kwahiyo rudia mara kadhaa uchukue wastani.

Hatua ya 5: pima tena kwa ndoo na bomba

Hii ndo naipenda kuliko zote kwasababu inafanyika chumbani, na jibu lake linakuwa zuri kiasi kwamba mtoto anabaki anaangalia ile karatasi.

Jaza ndoo maji mpaka karibu na mdomo. Simamisha bomba ndani, ncha ya chini iwe majini muda wote. Maji ndo yanakuwa sakafu ya bomba, ukiliinua ile hewa ya ndani inarefuka, ukilishusha inafupika. Weka simu kwenye hezi 800, sauti ya wastani, mwenzako ashike spika ya simu juu kidogo ya mdomo wa bomba bila kuuziba na awe anapanda nayo pamoja na bomba. Anza bomba likiwa limezama karibu lote, liinue polepole sana.

Mwanzo unasikia toni ya simu tu ya kawaida. Alafu ukikaribia sentimita 9 za hewa, ghafla bomba linaitikia, sauti inajaa chumbani, kama kuna mtu amelala anaamka. Ukipita inakufa. Rudi chini, panda tena, rudi, mpaka upate ile nukta ya kilele, weka alama kwa makapeni pale maji yanapogusa bomba. Endelea kupanda, kimya, kimya, alafu karibu na sentimita 31 linaitikia tena. Weka alama ya pili.

Kinachotokea ndani ni kwamba wimbi linashuka, linagonga maji, linarudi juu, na kama urefu ni sahihi linakutana na wimbi jipya linaloingia wakati ule ule unaofaa, wanasaidiana. Urefu sahihi wa kwanza ni robo ya wimbi moja, wa pili ni robo tatu. Kwahiyo tofauti kati ya alama mbili ni nusu ya urefu wa wimbi.

Mfano wenyewe, ukipima kutoka mdomo wa bomba: alama ya kwanza sentimita 9.3, ya pili 30.9. Tofauti 21.6, mara mbili ni sentimita 43.2, yaani mita 0.432. Kasi ni masafa mara urefu wa wimbi, 800 mara 0.432, jibu mita 345.6 kwa sekunde. Umeipata kwa ndoo ya kuogea!

Dogo mjanja atauliza, si ningechukua alama ya kwanza tu nizidishe kwa nne? Jaribu. 9.3 mara 4 ni 37.2, mara hezi 800 inakuja kama mita 298, mbali kabisa. Sababu ni kwamba hewa inayotikisika haiishii kwenye mdomo wa bomba, inachungulia nje kidogo, kama 0.3 ya kipenyo, kwenye bomba la sentimita 5 ni sentimita moja na nusu hivi. Ukitumia tofauti ya alama mbili hicho kipande kinajifuta chenyewe maana kipo kwenye zote mbili. Mwalimu akikuuliza kwanini resonansi mbili (ndo kule kuitikia kwa bomba) na sio moja, jibu ndo hilo.

Hatua ya 6: linganisha na joto

Kasi ya sauti kwenye hewa unaipata hivi: 331 jumlisha 0.6 mara joto kwa nyuzi za Selsiasi. Chumba cha nyuzi 25 ni 331 jumlisha 15, yaani 346. Linganisha na ya ndoo. Mchana wa Oktoba nyuzi 31 unakuta karibu 350, usiku wa Julai nyuzi 14 unakuta 339 na ushee.

Kuna watu wanasema huku kwetu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi kwahiyo sauti inakwenda taratibu kuliko Dar. Hapana. Hewa ikiwa nyepesi na presha yake inashuka sambamba, hivyo viwili vinafutana, kinachobaki kuamua ni joto. Dar na Dodoma zikiwa na joto moja kasi ni ile ile kasoro nukta kidogo sana za unyevunyevu.

Lakini joto linafanya kitu kingine kikubwa, linapinda njia ya sauti. Mchana wa kiangazi ardhi ya Dodoma inachemka, hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, sehemu ya chini ya wimbi inakimbia kuliko ya juu na wimbi zima linapindia angani. Umesimama mbali kidogo sauti inapita juu yako. Usiku mbingu nyeupe bila wingu, ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, mambo yanageuka, sauti inapindwa kurudi chini. Ndo maana honi ya treni ambayo mchana huisikii kabisa, saa nane usiku ukiwa Nzuguni unaisikia mpaka unadhani reli iko nyuma ya choo. Utulivu wa usiku unasaidia, ila sio sababu peke yake.

Na upepo vilevile. Watu wanadhani upepo unaibeba sauti, lakini upepo wa mita 5 kwa sekunde mbele ya 346 ni nini? Kinachofanya kazi ni kwamba upepo wa juu una kasi kuliko wa chini unaokwaruza ardhi na vichaka, kwahiyo sauti inayokwenda na upepo inapindwa chini kwa msikilizaji, na inayokwenda kinyume na upepo inapindwa juu inampita.

Hatua ya 7: radi

Fupi tu lakini ifundishe nyumbani. Mwanga wa radi unakufikia papo hapo, ngurumo inachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ndo kilomita. Ukihesabu chini ya 30 ingia ndani ya nyumba au gari, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watoto wanaochunga kule mbugani waambiwe kabisa mbuyu sio pa kujificha, hata kama mvua inanyesha vipi.

Hatua ya 8: kwenye chuma na maji

Funga kijiko katikati ya uzi, zungushia ncha mbili za uzi kwenye vidole vya shahada, ziba masikio kwa vidole hivyo, inama kijiko kining'inie kiguse ukingo wa meza. Unasikia kengele nzito ya ajabu, aliye pembeni anasikia "ting" ya kawaida. Sauti imekujia kwa uzi na mfupa badala ya hewa. Kwenye maji kasi ni kama mita 1,480 kwa sekunde, kwenye chuma inafika mita 5,000 na zaidi, kwasababu chembe zake zimeshikana kwa nguvu na msukumo unapokelewa haraka. Ule mchezo wa kulaza sikio kwenye reli kusikiliza treni, mzazi kataza. Treni ya umeme ya SGR inakuja kwa kasi kubwa sana na sio uwanja wa majaribio, kijiko kinatosha.

Hatua ya 9: kwa mafundi mitambo na kamati za harusi

Chukua kasi yako 346 ugawe kwa masafa upate urefu wa wimbi. Besi ya hezi 60 ina wimbi la karibu mita 6, sauti ya hezi 6,000 ina sentimita 6 hivi. Wimbi kubwa linazunguka kona ya nyumba kirahisi na linapenya kuta, dogo linazuiwa. Kwahiyo jirani wa ukumbi akikulalamikia, kufunga madirisha hakumsaidii kitu maana kinachomfikia ni "du du du" tu, punguza besi.

Uwanjani, kila umbali ukizidishwa mara mbili sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Watu wanajibu hilo kwa kupandisha spika za mbele mpaka waliokaa mstari wa kwanza wanaumia. Desibeli 85 kwa masaa 8 ndo kikomo kinachotumika sana makazini, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, yaani kwenye 100 ni kama dakika 15 tu. Mama mjamzito na watoto wanakalishwa mbele ya spika harusi nzima, jamani tuwahamishe, sikio likiharibika ndani halioti tena.

Dawa ni kuweka spika nyingine nyuma, ila hapo ndo fundi anapokwama, wageni wa nyuma wanasikia MC mara mbili. Umeme unafika spika ya nyuma papo hapo, sauti ya spika ya mbele inakuja kwa miguu ya hewa. Pima umbali kati ya spika ya mbele na ya nyuma, gawanya kwa 346, zidisha kwa 1,000. Mita 50 inakupa milisekunde 145 hivi, hiyo unaiingiza kwenye dilei (sehemu ya kuchelewesha sauti) ya laini ya spika za nyuma, ongeza milisekunde 10 hivi juu yake ili masikio yaendelee kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani. Kama shughuli ni ya usiku wa Julai tumia 339 badala ya 346. Na kama mikisa yako haina dilei, usiache mita 50 kati ya spika, zishushe mpaka 15 hivi upunguze sauti ya kila moja, mwangwi utaungana na sauti yenyewe na MC ataeleweka.